Sikio la Bendi

Jumanne saa tano asubuhi, ghorofa ya chini ya jengo la biashara haikuwa na pa kukanyaga. Wauza simu waliita wateja, cherehani zilikimbia, na katikati ya msongamano huo kijana mmoja mrefu alipita kwa ubavu, amekumbatia amplifaya kuukuu kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Jua lilikuwa la utosini, naye kavaa jaketi jeusi la ngozi. Muziki wa roki una gharama zake.

Alisimama kwenye kibanda kilichopangwa spika hadi darini. Aliyemkuta hapo alikuwa mwanamke aliyejifunga kitambaa cha manjano kichwani, koti lake la buluu limetobolewa na cheche, bisibisi kaibana kwa meno. Kijana akamuuliza fundi yuko wapi.

Mwanamke akaitoa bisibisi mdomoni. "Yuko mbele yako. Anasubiri umalize kumtafuta."

Kijana aliona haya mpaka shingoni. Akaomba radhi, akaeleza ugonjwa wa amplifaya yake, na kila Fundi alipouliza swali, aligeuza kichwa kidogo na kumsogezea sikio, macho kayainamisha, kama asiyetaka hata herufi moja imwagike. Fundi alikuwa na miaka tisa ya kuzungumza na wanaume wanaokuja na majibu yao mfukoni. Huyu alimsikiliza. Nitasema wazi, kwa kuwa mwenyewe alichelewa kusema: moyo wake ulikwenda dakika ile ile.

Wenzake walimwita Radi. Alipiga gitaa kwenye bendi ya kaka yake, na walikuwa wakimalizia albamu yao ya kwanza, *Simameni*. Ilikuwa roki ile ya zamani, ya magitaa yanayopanda ngazi pamoja mpaka yafike kwenye kiitikio ambacho uwanja mzima huimba mikono juu. Watu wa redio walikuwa wameshaizika na kusahau kaburi. Kaka mtu, ambaye ndiye mwimbaji, aliacha kazi ya ofisini ili aifufue. Radi alikaza nyuzi za wote na kuamua sauti ipi ipande, ipi ishuke, na kwa sababu hiyo walimwita sikio la bendi.

Amplifaya ilipopona, Fundi alimwambia aijaribu. Radi, aliyerudi na gitaa lake, akapiga mstari mmoja tu, mrefu, wa taratibu. Cherehani zikanyamaza moja baada ya nyingine. Mama yake Fundi, aliyeuza vifungo na nyuzi kibanda cha pili, alisimama na mkebe mkononi asikumbuke alikuwa akitafuta nini. Sauti ilipanda hadi kwenye ngazi za juu, na kwa muda kidogo kila mtu alikuwa mahali pengine, pale anapopapenda.

Baada ya hapo simu hazikukoma.

"Fundi wangu, umeamkaje?"

"Nimeamka na nyimbo zako kichwani. Zimehamia na mizigo yao yote."

"Zifukuze."

"Nimeshazizoea. Mwenye nyimbo ndiye haonekani."

"Geuka basi," Radi akasema, na kweli alikuwa nyuma yake, simu sikioni, mfuko wa machungwa mkononi. Mama mtu akajifanya anahesabu vifungo.

Jumapili moja alasiri walitembea kwenye mtaa mrefu wenye maduka yaliyofungwa. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, lami inang'aa, hewa ina harufu ya vumbi lililoloa. Fundi alivaa gauni la zambarau lililomfika vifundoni, na Radi kwa mara ya kwanza aliliacha jaketi nyumbani. Siku zote alihakikisha Fundi yuko kulia kwake. Siku hiyo dimbwi la maji liliwabadilisha nafasi. Hawakuwa na haraka ya kufika popote. Mwanga ulikuwa laini, na Fundi alijiona anaelea. Basi akasema, bila kumtazama, kwa sauti ndogo ambayo hata yeye hakujua kuwa anayo:

"Radi, nakupenda. Nimekaa nalo tangu ile Jumanne."

Radi alitembea hatua tatu. Kisha akatabasamu. "Kesho saa nne tunarekodi ngoma. Nitakupigia tukimaliza."

Fundi alisema sawa. Alirudi nyumbani, akavua gauni lile na kulitia chini kabisa ya sanduku, chini ya mashuka.

Jumatatu hakupokea simu. Jumanne alipokea moja, akasema ana kazi nyingi, akakata. Radi, asiyejua kosa lake, alizidi kupiga, na alipochoka kupiga alimtumia nyimbo zote kumi za albamu na ujumbe mfupi: zinakwenda mtandaoni Alhamisi saa kumi, naomba wewe uzisikie kabla ya dunia.

Hakuzisikiliza. Aliyezitaka ni mama yake. Alhamisi mchana, wateja wamepungua, mama aliichukua simu ya binti yake na zile spika ndogo za masikioni, akachomeka moja kwake na ya pili akamchomekea binti.

"Tusikilize," akasema. "Kununa hakuzibi masikio."

Fundi alikuwa na upande wa kulia. Gitaa lilimjia kwa mbali, tamu, kama linapigwa ng'ambo ya pazia. Mama, mwenye upande wa kushoto, alikunja uso na kuichomoa yake.

"Mwanangu, huyu mtu ana ugomvi na mimi?"

Fundi alidhani ni umri. Wakabadilishana, naye akaruka. Kushoto magitaa yalikuwa makali, yamemfunika hata mwimbaji. Akajaribu wimbo wa pili, wa tatu, akauunganisha wa nne kwenye spika kubwa za kibandani. Zote zilielemea upande mmoja kama meza yenye mguu mfupi. Hakuna fundi wa spika asiyejua maana yake: aliyezisawazisha alikuwa akiongeza na kuongeza upande ambao haumfikii.

Akakumbuka namna Radi alivyomgeuzia kichwa kibandani. Akakumbuka kwamba simu huwa sikio la kulia, siku zote la kulia. Akakumbuka dimbwi.

"Mama, hakunisikia," akasema.

"Nani?"

"Siku ile. Nilimwambia, na hakunisikia." Alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja, na mama yake akamwambia akimbie kwanza, kulia atalia huko huko.

Studio ilikuwa chumba kimoja kilichopigwa zulia hadi ukutani. Kaka mtu alikuwa kajilaza kwenye kochi, mkono juu ya macho. Radi aliinamia mashine, mgongo mlangoni. Fundi akasimama kushoto kwake, hatua moja tu.

"Radi," akaita polepole. "Radi, nimekuja."

Kidole cha Radi kiliendelea kupandisha sauti. Fundi akazunguka kulia, naye akashtuka, akasimama, uso wote ukafunguka kwa furaha. Furaha ile ilikatika alipoulizwa.

"Tangu lini?"

Hakujifanya haelewi. Alimwambia kwa kunong'ona juu ya miaka saba ya kusimama ubavuni mwa spika. Daktari alimwonya avae vizibo, lakini sikio la kufa halisikii dawa, na hilo la kushoto lilizimika kabisa mwaka juzi.

"Usimwambie kaka," akasema. "Ameacha kazi kwa kuliamini sikio langu. Akijua, mimi kwenye bendi hii nabaki nani?"

"Simwambii. Utamwambia wewe, kabla ya saa kumi. Ukizituma hivi watu watazima wimbo wa kwanza katikati, na waliosema roki imekufa watakuwa wamesema kweli."

Radi aliondoa mikono kwenye mashine. Kisha akaenda kuketi kwenye ukingo wa kochi na kusema yote, bila kuruka kitu. Kaka mtu akainuka polepole.

"Hilo la kushoto nililisikia," akasema. "Nikadhani ndiyo ufundi. Nani abishane na sikio la bendi?" Akajipangusa uso. "Na siri zangu zote nilizokunong'oneza upande huo?"

"Zimesalimika."

Kaka alicheka mpaka akakohoa, halafu akamvuta mdogo wake na kumkumbatia kwa nguvu. Alimwambia gitaa la bendi ni lake na hakuna atakayeligusa. Kisha akamwelekezea Fundi kiti.

"Shemeji, kaa. Muda hautungoji."

Fundi alishusha kushoto, wimbo baada ya wimbo, na Radi hakusikia tofauti yoyote. Alichofanya ni kumtazama usoni. Kila mara aliuliza kama imekaa, kila mara akaambiwa imekaa, naye akaamini. Ilipochezwa mara ya mwisho, magitaa yalisimama kila moja mahali pake, sauti ya kaka ikapita katikati yake bila kugusa ukuta, na kwenye kiitikio mwenyewe alinyanyua mikono pale pale juu ya zulia, macho yamefumbwa, kama mbele yake kuna watu elfu.

Saa kumi kasorobo nyimbo zikaenda. Kaka akatoka nje kuwapigia wenzake simu.

"Jumapili nilikwambia kitu," Fundi akasema.

"Upande gani?"

"Huo."

Radi akafunika uso kwa viganja. "Nikajibu nini?"

"Ngoma, saa nne."

Aliomba aambiwe tena. Fundi akamsogelea kulia na kumwambia, na Radi akalirudisha neno lile lile. Kisha akageuza kichwa.

"Sema na huku. Huku ndiko ulikosemea kwanza."

Fundi akaweka midomo kwenye sikio lililozimika, na huko akapata ujasiri ambao hakuwa nao kulia. Alimwambia waoane. Alimwambia watafute chumba chenye dirisha kubwa, na kwamba atalala kulia kwake maisha yao yote, asikose neno hata moja. Radi alihisi joto la pumzi tu. Fundi alipomaliza alisimama mbele yake, macho yamejaa machozi, akingoja.

"Ndiyo," Radi akasema.

"Unajua umekubali nini?"

"Sijui. Ndiyo."