Maji ya Chumvi Nyuma ya Nyumba

Kila asubuhi Ajwang alitoka Kangemi kwa miguu, akafika Kitisuru kabla jua halijapata nguvu. Alifanya kazi katika nyumba ya Norman na mkewe Virginia, wazazi wa Debra. Alipika, akafagia, akafua.

Kufua ndiko kulimchosha. Mwaka ule wa 2009 mvua ilikataa kunyesha. Maji ya kanjo, yaani ya baraza la jiji, yalikuja mara mojamoja, tena usiku. Siku nyingine zote watu walitumia maji ya kisima kirefu. Nyuma ya nyumba ya Norman kulikuwa na bomba, mfereji wa maji hayo. Yalikuwa maji magumu. Sabuni ilikataa kutoa povu.

"Hii maji ya chumvi itamaliza sabuni ya Kenya yote," Ajwang alizoea kusema.

Hilo ndilo jina la maji hayo. Kitisuru wanayaita hivyo. Kangemi wanayaita hivyo, na Mutuini pia. Maji ya kisima ni maji ya chumvi.

Sebuleni kulikuwa na maji ya namna nyingine. Norman alikuwa na tangi la kioo, refu kama kochi. Ndani yake aliweka viumbe wa baharini: samaki wawili wa rangi ya machungwa wenye mistari myeupe, kamba mwekundu mwenye miguu kama nyuzi, na matumbawe. Mtu asiyejua angedhani matumbawe ni mawe au maua. Sivyo. Tumbawe ni wanyama wadogo wengi wanaoishi wameshikana. Lile kubwa lilikuwa na vidole vingi laini. Taa ikiwashwa, vidole vilifunguka na kuyumba. Wenyewe walimpa jina, Kiganja.

"Wageni wakija wanasalimia Kiganja kwanza," Virginia alisema. "Sisi wenye nyumba tunangoja."

Siku moja kazi ilimwita Norman Kisumu kwa wiki kadhaa. Kabla ya kwenda alinunua chumvi maalumu ya bahari, akaikoroga na maji safi katika pipa la buluu. Pipa akaliweka nyuma ya nyumba, chini ya paa, karibu na ule mfereji. Kisha akaondoka mbio. Alipokumbuka kutoa maagizo alikuwa tayari Kisumu. Akapiga simu. Ajwang ndiye aliyeishika.

"Ajwang, sikiza. Kila Jumamosi toa ndoo moja ya maji kwa tangi. Halafu rudisha ndoo moja ya maji ya chumvi. Umeshika?"

"Maji ya chumvi?"

"Eeh. Si iko hapo nyuma ya nyumba."

"Hiyo naijua sana, Baba Debra."

"Sawa basi. Na siku zingine, ukiona maji imeshuka kidogo—"

Simu ikakatika. Norman aliishiwa na pesa za simu. Baadaye akashikwa na kazi, akasahau kwamba hakumaliza.

Ajwang alikuwa mtu wa kushika neno. Kila Jumamosi alitoa ndoo moja ya maji ya tangi, akaimwaga. Akaenda nyuma ya nyumba, akafungua mfereji wa kisima, akajaza ndoo, akarudisha. Na siku za katikati, akiona maji yameshuka, aliongeza hayohayo.

Baada ya muda Kiganja alianza kuchelewa kuamka.

"Huyu bado amelala mpaka saa hizi?" Virginia aliuliza.

"Labda anamkosa mwenyewe," Ajwang alijibu.

Wakacheka. Lakini siku zilizofuata vidole havikufunguka kabisa. Rangi yake ikawa kama ya majivu. Tumbawe dogo la pembeni likawa jeupe. Siku moja Ajwang alimkuta yule kamba mwekundu amelala ubavu, amekufa. Hapo hawakucheka tena. Virginia hakumwambia mumewe. Alijua atapandwa na presha huko aliko na hawezi kufanya lolote.

Norman aliporudi hakuketi. Alisimama mbele ya tangi, mkoba ukiwa bado mkononi.

"Nani ametia dawa ya kufulia hapa?"

"Hakuna," Ajwang alisema.

"Basi uliosha ndoo kwa sabuni."

"Hiyo ndoo ni ya tangi peke yake. Haijaguswa na sabuni."

"Ajwang, hawa walikuwa wazima. Nimekuachia wazima!" Norman akatikisa kichwa. "Mwezi ukiisha, tafuta kazi kwingine."

Ajwang alikunja kitambaa alichoshika, akakikunja tena. Kazi ile ndiyo iliyomweka mwanawe Joash shuleni. Zaidi ya hayo, kule Kangemi watu wangeuliza: amefukuzwa kwa nini? Na jibu lingekuwa, ameua samaki wa watu kwa sabuni.

"Baba Debra, pole pole," Virginia alisema. "Hujapima kitu. Ngoja nimwite Mama Musembi."

Mama Musembi alikuwa jirani yao wa upande wa pili wa ua. Jina lake ni Syokau. Alistaafu kutoka kazi ya kupima maji mjini, na kwake nyumbani alitunza tangi kama lile kwa miaka mingi. Alikuja na kikapu kidogo, viatu vya bustani bado miguuni. Alimkuta Norman ameshika mfuko wa chumvi ya bahari, yuko tayari kuumwaga ndani.

"Norman, weka huo mfuko chini."

"Wanakufa, Mama Musembi!"

"Naona. Weka chini kwanza. Hata daktari hapigi sindano kabla hajauliza unaumwa wapi."

Syokau alitoa kisanduku cha plastiki chenye mshale ndani. Akachota maji ya tangi. Mshale unapanda maji yakiwa na chumvi nyingi, unashuka yakiwa na kidogo. Ulishuka chini kabisa ya alama ya bahari.

"Chumvi imepungua sana," alisema.

"Haiwezekani. Niliacha pipa zima."

Norman akatoka nje, wote wakamfuata. Akafunua pipa la buluu. Lilikuwa limejaa hadi ukingoni, na kifuniko kilikuwa na vumbi.

"Ajwang, ulikuwa unaweka maji gani?"

"Maji ya chumvi."

"Ya wapi?"

"Ya nyuma ya nyumba, vile uliniambia." Ajwang akafungua mfereji wa kisima. Maji yakamwagika kwenye simiti. "Si hii?"

Norman alitazama mfereji. Akatazama pipa. Virginia ndiye aliyeanza kucheka, akajifunika mdomo.

"Baba Debra, hata mimi ningeweka hiyo. Wewe mwenyewe ukioga nayo unalia, maji ya chumvi, maji ya chumvi."

Syokau alichovya kidole ndani ya pipa, akamwambia Ajwang naye aonje. Ajwang akaonja, akatema.

"Ai! Hii sasa ndiyo chumvi!"

"Hiyo ndiyo bahari," Syokau alisema. "Ile ya kisima tunaiita ya chumvi, lakini ni ya madini ya mawe. Chumvi ya bahari haimo. Kila ndoo uliyotia iliwatoa hawa baharini kidogo kidogo."

Walirudi ndani. Syokau alitia matone ya dawa katika chupa ndogo ya maji ya tangi, akahesabu mpaka rangi ikageuka.

"Madini ya kisima nayo yamezidi," alisema. "Maji ya bahari yana nguvu ya kuzuia uchachu. Pia yana chokaa, ambayo matumbawe hutumia kujenga mifupa yao. Vitu hivi vinataka kukaa kwa kiwango kilekile. Maji ya kisima yamevisukuma huku na huku."

"Sasa nitie chumvi leo, yamalizike," Norman alisema.

"Utawaua mara ya pili. Mtu aliyekaa na njaa siku nyingi unampa nyama choma?"

"Hapana," Ajwang alijibu kabla ya Norman. "Unampa uji. Tena mwepesi."

"Umesema. Hawa miili yao imeanza kuzoea maji mepesi. Kila siku mtatoa maji kidogo ya tangi, mrudishe kidogo ya pipa. Mpime kila siku saa ileile. Mshale upande pole pole. Na hayo ya pipa yakorogeni kwa pampu kwanza, yawe na joto sawa na ya tangi."

"Na maji yakishuka yenyewe?" Virginia aliuliza. "Siku hizi yanashuka sana kwa sababu ya jua. Tunaongeza ya pipa?"

Syokau alimgeukia Ajwang.

"Mama Joash, mchuzi wako ukikauka jikoni, unaongeza nini?"

"Maji."

"Na chumvi?"

"Chumvi ya nini tena? Ile ya kwanza bado iko. Ukiongeza, hakuna mtu atakula."

"Kwa nini bado iko?"

Ajwang alifikiri. "Kwa sababu kinachopanda juu ni mvuke. Chumvi haipandi. Inabaki sufuriani."

"Basi tangi ni sufuria. Maji yakipungua kwa jua, ongeza maji matupu yaliyochujwa, kila siku kidogo, yafike alama. Ukitoa maji kwa ndoo, hapo umetoa na chumvi yake. Ndipo unarudisha ya pipa."

Norman akasema, "Mimi ndiye nilikuwa na chujio la maji humu ndani ya nyumba, na sikusema mlitumie."

"Simu ilikatika," Ajwang alisema.

"Ilikatika. Na sikupiga tena." Akasugua uso. "Ile ya mwezi ukiisha, sahau nilisema."

Siku ile ile Norman alipiga mstari wa rangi kwenye kioo, mahali maji yanapotakiwa kufika. Kwenye pipa la buluu aliandika kwa rangi nyeupe: BAHARI. Usiku maji ya kanjo yalipokuja, walichuja na kujaza mtungi mwingine. Juu yake Virginia aliandika: MATUPU. Kwenye mfereji wa kisima Ajwang mwenyewe alifunga kipande cha kitambaa chekundu, ili mkono usijisahau.

Kila asubuhi, kabla ya kufua, Ajwang alipima. Mshale ulipanda kidogo, siku nyingine haukupanda. Norman alitaka kuharakisha.

"Uji," Ajwang alimwambia, na Norman akarudisha ndoo chini.

Tumbawe dogo jeupe halikupona. Walilitoa. Kiganja alikaa amefunga kwa muda mrefu, mpaka Virginia akaacha kumtazama. Halafu asubuhi moja Ajwang aliwasha taa, akaona kidole kimoja kimetokeza. Alifua nguo, akaanika, akarudi. Vidole vilikuwa vingi. Ndipo akamwita Virginia.

Norman aliitwa Kisumu tena kabla ya Krismasi. Jumamosi simu ikalia.

"Mko salama huko? Kiganja?"

"Ameamka kabla yangu," Ajwang alisema.

"Vizuri. Basi leo toa ndoo moja, urudishe ndoo moja ya maji ya chumvi."

Ajwang hakusogea.

"Chumvi gani?"

Huko Kisumu Norman akacheka mpaka simu ikakwaruza.

"Ya pipa la buluu, Mama Joash. Ya bahari."

"Sawa," Ajwang alisema. "Hiyo sasa naijua."