Inchi Mbili za Kiti cha Kipepeo

Kwa Bi Mwanakombo, pale Kinondoni, Jumamosi hapakaliki. Wageni wanaorudi makwao humwachia samani zao, na watu wa mjini huja kuzigombania kabla jua halijawa kali. Makabati, vioo, majiko na vitanda hupangwa uwanjani mpaka ukingoni mwa barabara, na mwenye mali huketi katikati na kikombe chake cha kahawa, akitaja bei bila kumtazama mtu.

Sekela alikuwa amezunguka uwanja huo mara mbili alipokiona. Kiti cha kipepeo, tena cha zamani, cha kweli: nondo nyembamba za chuma zilizokunjwa zikapishana chini, pembe nne zimechomoza juu, na kava la ngozi ya kahawia limevishwa kwenye pembe hizo kwa mifuko minne. Ukikaa, unaning'inia humo kama mtoto mgongoni mwa mama. Miezi mitatu sasa wateja walikuwa wakimwonyesha viti vya namna hiyo kwenye simu, wakitaka awashonee kava, naye hakuwa na hata kimoja cha kupimia. Akanyoosha mkono, akashika pembe moja.

Pembe ya pili ikashikwa na mkono mwingine.

"Samahani kaka, nimewahi mie."

"Umewahi kukishika. Kukiona nimewahi mie, toka ng'ambo ya barabara."

"Macho hayanunui."

Mwanamume akacheka. Alikuwa mrefu, shati jeupe la mikono mirefu limenyooka kwa pasi kama la mzee wa kanisa, viatu vinang'aa katika vumbi lile la Kinondoni. Lakini vidoleni alikuwa na makovu madogo madogo ya cheche, na Sekela hakuhitaji kuambiwa kazi yake.

"Wewe unachomelea vyuma," alisema.

"Na wewe unashona. Au hiyo futikamba shingoni ni mkufu?"

Sekela akashika shingo. Kweli, alikuwa ametoka Temeke mpaka Kinondoni na gauni lake la kitenge cha njano, hereni kubwa, mafuta mazuri, na futikamba shingoni. Aliona aibu, kisha akakataa kuiona.

"Ni mkufu," alisema. "Unao wa namna hii?"

"Nyie wawili!" Bi Mwanakombo alipaza sauti. "Mtanivunjia kiti. Kiko kimoja tu, hakizai."

"Dada," yule mwanamume alisema kwa sauti ya chini, "mie nataka chuma chake tu, nione kilivyokunjwa. Ngozi sina kazi nayo."

"Na mie nataka ngozi. Chuma sina pa kukiweka."

Wakatazamana. Kisha wakaanza kuivua ngozi kila mmoja upande wake, pembe kwa pembe. Bi Mwanakombo alicheka mpaka kahawa ikamwagikia khanga.

"Makubwa haya! Toka nizaliwe sijaona watu wakigawana mali kabla ya kuoana."

Jina la mwanamume yule lilikuwa Erasmus Kamugisha, mwenye karakana ya kuchomelea kule Kiwalani, ndege zinapopita juu ya bati. Sekela, binti wa Tukuyu, mwenye miaka thelathini na tatu, alikuwa na cherehani mbili nyuma ya soko la Tandika na mdomo uliokuwa umekwisha kimbiza wachumba wawili. Erasmus hakukimbia. Alipiga simu jioni ile ile.

"Haloo, mwenye ngozi."

"Sema, mwenye mifupa."

"Mifupa inauliza kama umekula."

"Nyie Wahaya bwana! Mnauliza chakula ili mpate kutaja ndizi zenu."

"Sijataja. Ila zipo, na nimepika nyingi kuliko tumbo langu."

Wakawa hivyo. Mchana Erasmus alimpigia amwambie kwamba ameweza kukunja nondo ya kwanza bila kuivunja. Jioni Sekela alimpigia amwambie kwamba turubai la bluu limekubali sindano. Walibishana kila siku. Erasmus alipenda viti vya kisasa, vya rangi, vinavyokunjwa na kubebwa. Sekela alisema hivyo ni miavuli, kiti ni kile cha zamani, kinachokupokea na kukusahaulisha habari ya kuinuka.

"Basi nitakutengenezea cha kisasa chenye roho ya kizamani," Erasmus alisema siku moja. "Kama wewe, mpenzi."

Sekela alicheka. Alikuwa amempenda, na alijua.

Mteja mkubwa wa kwanza alikuwa Bi Marietha, aliyekuwa akifungua mgahawa wa ufukweni Msasani. Alitaka viti kumi. Erasmus atengeneze fremu, Sekela ashone kava. Sekela aliifumua ile ngozi ya zamani, akaitandika juu ya karatasi, akaichora pindo kwa pindo, akakata turubai kwa mchoro huo. Akafanya kazi wiki mbili mpaka vidole vikaota sugu. Erasmus naye akakunja na kuchomelea, akapaka rangi nyeusi, akatangulia na fremu zote na kava nane. Sekela angefuata na mbili za mwisho.

Alifika Jumapili mchana, siku ya ufunguzi, kava mikononi, moyo umemjaa. Watu walikuwa wengi, wamependeza, miwani na magauni mepesi. Ndipo alipomwona bwana mmoja mnene akikaa kwenye kiti kimoja cha bluu. Kava likashuka, likashuka, mpaka makalio ya bwana yule yakatua mchangani. Watu wakaangua kicheko. Mama mmoja akajaribu cha pili, naye akatua.

Bi Marietha, wigi lake limekaa sawasawa na uso umebadilika, alimgeukia Erasmus. "Hii ndiyo kazi uliyoniletea mbele ya wageni wangu?"

Jasho lilikuwa likimtoka Erasmus kwenye lile shati lake jeupe. "Nisamehe, mama. Fremu zangu ziko sawa. Aliyekosea ni fundi wa kava. Nitatafuta mwingine anayeijua kazi."

Sekela alikuwa nyuma yake, hatua tatu.

Bi Marietha akamwona na yale maturubai mikononi. "Ndiye huyu? Dada, kama hujui kushona si ungesema?"

Wale wageni wote wakamtazama. Sekela aliziweka kava mbili mezani, akazinyoosha kwa kiganja.

"Kushona najua, mama," alisema, akageuka, akaondoka. Hakulia mpaka alipofika kwake.

Jina la fundi ni cherehani yake ya pili, na hiyo ikiharibika hakuna duka la vipuri. Jumatatu mwenye hoteli aliyekuwa ameagiza kava ishirini alipiga simu: ameghairi. Jumanne akaghairi mwingine. Watu wa Msasani wanajuana. Sekela alikaa na ile ngozi ya zamani na kava moja ya ziada iliyobaki kibandani, akazilaza moja juu ya nyingine. Zililingana mpaka kwenye uzi. Basi kosa halikuwa lake.

Erasmus alikuwa amepiga simu mara nyingi. Sasa Sekela akapokea.

"Mpenzi, umenikasirikia? Yale mambo ya kazi tu. Turubai limelegea, linatokea kwa kila mtu."

"Turubai langu halikulegea. Pima fremu zako."

"Sekela, mie nakunja chuma mwaka wa kumi na mbili..."

"Pima fremu zako, Erasmus." Akakata.

Hakupima. Mwanamume akijiamini sana hupoteza hata rula. Yeye aliamini kitu kingine: kwamba mwanamke aliyenuna hutulizwa na barua ya posa. Barua ilikuwa imekwisha andikwa tangu kabla ya ufunguzi, na siku ilikuwa imepangwa na wazee. Hivyo Jumamosi mzee Apolinari, mshenga wa Erasmus, alipanda mpaka Goba nyumbani kwa mjomba Gibson, mwalimu mstaafu aliyemlea Sekela, akiwa na barua ndani ya leso nyeupe juu ya sahani.

Alipokewa vizuri. Mkewe mjomba, mama Tupokigwe, alikuwa amepika tangu alfajiri. Kama desturi ilivyo, barua haifunguliwi kabla binti hajaitwa na kuulizwa. Sekela aliingia sebuleni, akapiga magoti, akawaamkia wazee.

"Mwanangu," alisema mjomba, "kuna barua hapa ya kijana anaitwa Erasmus. Unamfahamu?"

"Namfahamu, mjomba."

Mama Tupokigwe akaanza kupiga kigelegele. Sekela akainua mkono.

"Namfahamu, na nampenda, sitaficha. Lakini barua isifunguliwe. Aliyeiandika amesema mbele ya watu kwamba sijui kazi yangu. Nikiingia kwake leo, nitaingia kama fundi mbovu aliyehurumiwa. Babu Apolinari, shikamoo tena, na unisamehe. Irudishe."

Mjomba alivua miwani. "Sekela, una miaka thelathini na tatu."

"Ndiyo, mjomba. Na tangu nitoke kwako nimejilisha mwenyewe."

"Mahari unayakataa kwa sababu ya viti?"

"Kwa sababu ya jina langu. Habari za viti ni zenu."

Mzee Apolinari aliifunga leso, akashuka na sahani yake kilimani. Mama Tupokigwe alilia jikoni, na mjomba hakusema na Sekela mpaka anaondoka. Iliuma. Sekela alimpenda mjomba kuliko alivyoweza kusema, lakini hakuyarudisha maneno yake.

Kule Kiwalani barua ilipotua juu ya benchi la kuchomelea, Erasmus aliikodolea macho. Kisha akaenda kuishusha ile fremu ya zamani, akaichukua fremu mpya ya ziada iliyobaki karakana, akaziweka sambamba. Akapima. Akapima tena. Halafu akakaa chini.

"Sekela," alisema kwenye simu. "Nimepima."

"Ehe."

"Zangu ni pungufu inchi mbili kwa upana. Kirikuu, Sekela, kile kigari cha mizigo. Sie Kiwalani kila kitu tunakipunguza kiingie kwenye kirikuu, vitanda, milango, yote. Nilibana ili fremu zote kumi ziende kwa safari moja. Mkono umefanya wenyewe, mie hata sikukumbuka."

"Ehe."

"Nisamehe, mama. Nimekosa."

"Ulinisemea wapi?"

"Msasani."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya watu."

"Na radhi unaniomba sikioni?"

Simu ikakatwa. Lakini safari hii Sekela aliishika mkononi muda mrefu, akiitazama. Alimtaka mtu yule, na ilimuudhi kumtaka.

Kesho yake ulifika ujumbe: *Saa nane mchana, Msasani. Njoo, tafadhali.*

Alikwenda. Alivaa gauni jekundu lililombana kiunoni na viatu virefu, kwa sababu hakuwa na nia ya kuonekana ameonewa. Mgahawa ulijaa watu waliotoka ibadani. Vile viti kumi vilikuwa vimeingizwa ndani, vikasukumwa ukutani kama vimeadhibiwa. Erasmus alisimama katikati na fremu mbili, ya zamani na mpya.

"Mama Marietha," alisema, tena kwa sauti ya mtu aliyezoea kushindana na mngurumo wa ndege, "wiki iliyopita nilisema hapa kwamba fundi wa kava amekosea. Nilisema uongo bila kujua, na nilipoambiwa nipime nikakataa. Kava ziko sawa. Fremu nilizipunguza mimi. Huyu pale anaitwa Sekela, yuko Tandika, Temeke, na hapa mjini sijaona anayeshona kumshinda. Ukitaka hasara, ni yangu. Ukitaka kunifukuza, nifukuze."

Uma zilikuwa zimesimama hewani. Bi Marietha alikunja mikono.

"Vyema. Basi ondoa vyuma vyako."

Erasmus akainama kushika kiti cha kwanza. Hapo Sekela akapita katikati ya meza, viatu vikigonga sakafu.

"Havitoki," alisema.

"Dada, hapa ni kwangu."

"Na kava ni zangu, mama. Nitazipunguza inchi mbili, siku tatu, na bwana yeyote atakaa bila kugusa mchanga. Nataka kitu kimoja. Uliowaambia kwamba sijui kazi, wapigie uwaambie nani alikosea."

Bi Marietha alimtazama juu mpaka chini, gauni mpaka viatu. Midomo ikamcheza. "Una ulimi wewe."

"Ninao."

"Nitawapigia."

Nje, kwenye kivuli cha ukuta, Erasmus alisimama na mikono yake asijue pa kuiweka.

"Umenivua nguo mbele ya Msasani nzima," alisema.

"Umejivua mwenyewe. Na umependeza."

Akacheka, macho yamelowa. "Mwenye ngozi. Barua bado ninayo. Nimtume tena mzee Apolinari?"

"Usimtume mtu. Ulinisema kwa mdomo wako, nitake kwa miguu yako."

"Sekela, posa haipelekwi na mwoaji! Mjomba wako atanitoa na fimbo."

"Huenda."

Jumamosi iliyofuata Erasmus alipanda kilima cha Goba peke yake, suti ya kijivu, vumbi jekundu mpaka magotini, barua mkononi bila leso wala sahani. Majirani walitoka kuangalia. Mjomba Gibson alisimama mlangoni, mkono mmoja kwenye fremu ya mlango.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kijana, kwenu hakuna wazee? Posa inakuja na mshenga. Mshenga wako yuko wapi?"

Nyuma ya mjomba, Sekela akatoka chumbani, akapita chini ya ule mkono, akashuka ngazi mbili na kusimama kando ya Erasmus, bega kwa bega, uso kwa uso na mzee aliyemlea. Aliichukua ile barua, akapiga magoti, akaitoa kwa mikono miwili.

"Mshenga ni mimi, mjomba," alisema. "Tukaribishe."