Kadi Zilizofungia Karanga

Kila asubuhi Dorotea alifungua kliniki saa mbili kasorobo. Alipiga deki, kisha alichemsha koleo na vioo vya meno kwenye sufuria kubwa. Mume wake, Daktari Luhaga, alivaa koti jeupe na kusubiri wagonjwa. Hii ilikuwa Kirumba, Mwanza, mwaka 1995.

Luhaga alikuwa ametibu meno katika hospitali ya serikali kwa miaka kumi na minane. Serikali iliporuhusu tena watu kufungua kliniki zao, aliacha kazi akafungua yake. Ilikuwa na vyumba vitatu. Mbele Dorotea alipokea wagonjwa. Katikati Luhaga aling'oa na kuziba meno. Nyuma alitengeneza meno ya bandia kwa kalibu za jasi, na unga mweupe wa jasi ulitua kila mahali.

Kila mgonjwa alikuwa na kadi. Dorotea aliziandika kwa mkono na kuzipanga katika maboksi ya viatu. Zilikuwa zaidi ya mia sita. Palipokuwa na jambo la hatari, aliandika kwa wino mwekundu. Huyu ana kisukari. Huyu asichomwe dawa fulani. Ilikuwa kazi nzuri, na hakuna aliyemsifu kwa kazi hiyo.

Miaka ile maduka ya mjini yalianza kujaa vitu ambavyo zamani tulivisikia redioni tu. Luhaga akaitamani kompyuta. Hakujiuliza ataifanyia kazi gani. Alimwuliza muuzaji ipi ina kioo kikubwa kuliko zote. Muuzaji alimtajia stabilaiza, kile kisanduku kinachozuia umeme usiingie kwa kishindo. Alimtajia na printa. Luhaga akasema hivyo vitafuata baadaye. Pesa yote ikaishia kwenye kioo.

"Baba Paulo, tutaiweka wapi?" Dorotea alimwuliza mumewe.

"Hapa mbele. Wagonjwa waione kabla hawajakaa."

Soketi ilikuwa karibu na mlango wa chumba cha jasi. Basi kompyuta ikakaa hapo. Dorotea aliipenda. Aliifunika kitambaa cheupe alichofuma mwenyewe, chenye maua mekundu pembeni, kama alivyofunika redio nyumbani. Hata ilipowaka aliifunua kioo tu. Kitambaa kilibaki juu na nyuma, isipate vumbi.

Luhaga alitaka majina yote yawe ndani kabla ya Krismasi. Dorotea alikuwa na wiki tatu. Vidole vyake vilikuwa vizito, herufi alizitafuta moja moja. Aliandika jina, umri, mtaa na jino. Mengine akasema atayaongeza baadaye. Alipomaliza, Luhaga aliyatazama maboksi ya viatu akakunja uso.

"Haya yanatuharibia ofisi. Yaondoe."

Pale nje mlangoni alikaa Getruda, muuza karanga. Siku zote aliomba karatasi za kufungia. Dorotea akampa maboksi yote. Getruda alishukuru sana, maana karatasi ngumu haitoboki.

Wiki ile ile mgonjwa mmoja alikaa kwenye benchi anatafuna karanga. Alikunjua karatasi akasoma kwa sauti, "Huyu mzee ana meno tisa tu!" Watu wakacheka. Dorotea alimjua mzee huyo. Alisikia aibu. Nisiwafiche, alicheka kidogo na yeye.

Mwezi wa tatu umeme ulikatika mchana. Ulirudi kwa nguvu, taa zikamulika kupita kiasi. Kompyuta ilitoa mlio mdogo na harufu ya kuungua, kisha kioo kikawa cheusi. Luhaga alibonyeza kila kitufe. Haikuwaka tena.

Siku mbili baadaye akaja Sabina. Alikuwa mama wa miaka hamsini na minne, muuza dagaa pale Kirumba. Shavu lilikuwa limevimba na jicho limeanza kufumba. Mwili ulimchemka kwa homa.

"Shikamoo, mama," alisema Dorotea.

"Marahaba, mwanangu. Jino litaniua."

Luhaga alimkalisha kwenye kiti, akatazama mdomoni. Jipu lilikuwa kubwa. Alivuta dawa kwenye sindano. Sabina akainua mkono.

"Umeangalia kadi yangu?"

"Kwa nini, mama?"

"Kuna dawa nilikatazwa kuchomwa. Ilinivimbisha mwili mzima nikashindwa kupumua. Nilikuja na cheti cha zahanati, mke wako akaiandika hapa hapa, mwaka juzi."

"Dawa gani?"

"Jina silijui. Mimi sikusoma. Cheti nilikitupa, nilisema kadi yenu inajua."

Luhaga alimwita mkewe. "Lete kadi ya Sabina."

Dorotea alisimama mlangoni. "Si zimo kwenye kompyuta?"

"Kompyuta imekufa. Lete kadi yenyewe."

Dorotea aligeuza macho nje. Dirishani Getruda alionekana akikunja karatasi. Luhaga naye alimwona. Akakumbuka ni nani aliyesema maboksi yaondolewe. Aliirudisha sindano mezani.

"Mama Sabina," alisema, "sitakuchoma. Sijui nikuchome nini. Tutakupeleka hospitali kubwa sasa hivi."

Walikodi teksi. Njia nzima Dorotea alikaa na Sabina kiti cha nyuma na hakuweza kumtazama usoni. Hospitali walilipasua jipu, wakamlaza. Daktari wa zamu aliuliza ni dawa gani iliyowahi kumdhuru. Luhaga alisema hajui. Alikuwa amevaa koti lake jeupe. Alitamani kulivua.

Kesho yake alikuja Shreya. Huyu alikuwa binti wa mwenye duka la vifaa vya umeme mjini. Alisomea ufundi wa kompyuta, na ofisi nyingi zilimwita yeye. Alifungua skrubu, akakishika kitambaa.

"Dada Dorotea, hiki kilikuwa hapa inapowaka?"

"Ndiyo. Isipate vumbi."

"Huku nyuma kuna feni. Inatoa joto nje. Ukiiziba, mashine inajipika. Ifunike ikishazimwa na kupoa, si kabla."

Ndani alikuta tabaka la unga wa jasi. Katikati yake kulikuwa na wadudu wa ziwani wamekauka, wale wanaofuata mwanga.

"Na hapa si mahali pake," alisema Shreya. "Jasi inaingia kwenye feni. Ipelekeni ukuta ule, mbali na mlango. Stabilaiza yenu iko wapi?"

Luhaga alikohoa. "Bado."

"Daktari, ulinunua kioo kikubwa hivi kwa kuandika majina? Kioo kidogo kingetosha. Pesa iliyobaki ingenunua stabilaiza, na betri ya kukupa dakika kumi uzime taratibu umeme ukikatika. Ingenunua na printa. Mtu huanza na kazi anayotaka, ndipo achague mashine."

Luhaga alikuwa mtu wa kujibu. Siku hiyo aliinama akaokota skrubu iliyoanguka sakafuni.

"Kilichoungua ni kifaa kinachopokea umeme," Shreya aliendelea. "Diski, panapohifadhiwa majina, naiona nzima. Nitaipachika kwenye mashine yangu tuone."

Dorotea alisogea karibu. "Mtafute Sabina."

Shreya aliunganisha nyaya kwa muda mrefu. Mwisho majina yakatokea. Akateremka hadi S. Sabina alikuwepo. Miaka hamsini na minne. Kirumba. Jino la chini kulia.

"Endelea chini," alisema Dorotea.

"Hakuna zaidi."

"Kulikuwa na maandishi mekundu. Labda mashine imeyafuta."

"Haijafuta, dada. Hayakuandikwa."

Dorotea alikaa kwenye benchi la wagonjwa. Sasa hakuwa na umeme wa kulaumu. Hakuwa na mumewe wa kulaumu. Vidole vilivyoruka maandishi mekundu vilikuwa vyake. Alijifunika uso kwa khanga, akalia kwa aibu.

Kisha akanawa uso, akatoka nje kwa Getruda.

"Kadi zimebaki ngapi?"

"Boksi moja na nusu. Kwani zilikuwa na kazi? Si mlinipa wenyewe?"

"Tulikupa wenyewe. Kosa si lako."

Alizipekua zote chini, watu wakipita na kumtazama. Zilikuwa mia moja na arobaini. Ya Sabina haikuwemo.

Jioni, wodini, homa ilipopungua, Sabina alikumbuka kwamba sindano ile alichomwa kwenye zahanati moja ya Kisesa. Asubuhi Luhaga na Dorotea walikwenda huko. Mhudumu wa zamani, Mzee Antoni, aliwasikiliza bila kuwakatiza. Kisha aliingia stoo akatoka na daftari lililoliwa na mchwa pembeni. Alilamba kidole, akafunua kurasa.

"Huyu hapa. Sabina. Penisilini. Ilitaka kumuua."

Luhaga alifumba macho. Penisilini ndiyo dawa aliyokuwa ameivuta kwenye sindano.

"Ninyi mna kompyuta, nasikia," alisema Mzee Antoni.

"Tunayo," alijibu Luhaga, akainamisha kichwa.

Walirudi moja kwa moja hospitali, wakampa daktari wa wodi jina la dawa. Kisha Luhaga alitaka waondoke. Dorotea akakataa. Alikwenda kitandani kwa Sabina. Wodi ilikuwa imejaa, na akina mama wa vitanda vya jirani walinyamaza kusikiliza.

"Mama, kadi yako niliitoa ikafungia karanga. Na kwenye kompyuta sikuandika dawa yako. Nilikuwa na haraka."

"Mimi ndiye niliyesema kadi ziondolewe," alisema Luhaga nyuma yake.

Sabina aliinua kichwa kwenye mto.

"Mlijua sijui kusoma?"

"Tulijua, mama."

"Ndiyo maana niliwaachia ninyi," alisema Sabina, akageukia ukutani.

Hakuna maneno yaliyomuumiza Dorotea kuliko hayo. Hata leo ukimtajia, atainamisha macho.

Shreya alibadilisha kifaa kilichoungua, na Luhaga akakibadilisha kioo kikubwa kwa kidogo. Tofauti ilinunua stabilaiza na kisanduku cha betri. Printa ndogo ilikuja miezi mitatu baadaye. Kompyuta ilihamia ukuta wa mbali, na mlango wa chumba cha jasi ukawekewa pazia zito. Kila Ijumaa Dorotea alinakili majina yote kwenye disketi mbili. Moja ilibaki ofisini, nyingine ililala nyumbani. Kadi za mkono zilirudi, katika kabati lenye kufuli. Sehemu ya dawa za hatari haikuachwa tupu hata kwa mgonjwa mmoja. Asiye na hatari aliandikiwa: ameulizwa, hana.

Lakini zaidi ya wagonjwa mia nne walipaswa kuulizwa upya. Kila mmoja alishangaa.

"Kadi yangu ya zamani iko wapi?"

"Tuliitoa ifungie karanga," Dorotea alijibu kila mara. "Tulikosea. Naomba tuandike tena."

Wengine walisamehe. Wengine walichukua viatu vyao mlangoni wakaenda kutibiwa kwingine, na hawakurudi.

Mwezi wa nane, asubuhi, Sabina aliingia. Jino lilikuwa bado mdomoni na lilihitaji kung'olewa. Dorotea aliinuka kitini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Sabina hakukaa. "Nisomee mlichoniandika."

Dorotea alisoma kwenye kioo. Kisha alitoa kadi kabatini, akasoma maneno yale yale. Kisha akachapisha karatasi ndogo, akampa.

"Hii ni yako, mama. Kaa nayo. Popote utakapotibiwa, waonyeshe kabla hawajakuchoma. Neno hili hapa ndiyo dawa yenyewe. Penisilini."

"Lipi?"

"Hili."

Sabina alilifuata neno kwa kidole, mwanzo hadi mwisho, akilitamka polepole. Alilirudia mara tatu. Aliikunja karatasi akaifunga kwenye pindo la khanga. Akaenda mwenyewe hadi chumba cha katikati, akapanda kwenye kiti.

Luhaga alisimama mbele yake na sindano ya ganzi.

"Hii siyo ile, mama. Nimeangalia kadi."

Sabina alimtazama yeye, akamtazama Dorotea mlangoni. Kisha akafungua mdomo.