TUNDU LA UPANDE WA KIBLA

Kaka yangu alifungwa pingu wakati mimi niko jukwaani napigiwa makofi...

Naomba msinihukumu kabla sijamaliza. Mkishasoma mpaka mwisho semeni mnachotaka, nimeshazoea.

Ilikuwa sikukuu ya mlima. Sisi tunakaa mbele kidogo ya Miono, chini ya mlima wenye msitu wa hifadhi, na kila mwaka kijiji kinasherehekea kuutunza. Ngoma, pilau, miche inapandwa, wageni wanakuja na magari kutoka Bagamoyo. Mwaka huu mimi Hajra, katibu wa kamati ya mazingira, nilikuwa napewa zawadi. Jiko la gesi, na mtungi wake.

Zawadi ya nini? Ya kumtaja mchoma mkaa.

Na niliyemtaja ni Pazi, kaka yangu wa tumbo moja.

Askari wawili walimtoa katikati ya watu, sahani ya pilau bado mkononi. Hakubishana. Aliiweka sahani chini taratibu, akanyoosha mikono.

"Tanuri lile ni lako?"

"Ni langu."

Mama yetu, Bi Mwanamvua, akakaa pale pale kwenye vumbi.

Pazi alipopitishwa mbele ya jukwaa akasimama.

"Hajra."

"Usiniite."

"Lea wanao, mdogo wangu."

Basi, hilo tu. Nikaona ananikejeli. Nikageuza uso nikapokea jiko langu.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo mnielewe.

Marehemu baba alikuwa mchoma mkaa, enzi hizo mlima haujawa hifadhi. Sasa kila mchoma mkaa ana mkono wake. Wengine huku wanaacha tundu la tanuri upande unakotoka upepo, wanaliziba kwa majani. Baba aliliacha chini kabisa, upande wa kibla, analiziba kwa makumbi ya nazi, halafu anapaka udongo juu. Huwezi kuliona. Lakini ukilivunja tanuri kabla hujazibua hapo, moto unakurukia usoni.

Alitufundisha wawili tu. Mimi na Pazi.

Mlima ulipofungwa tukaacha wote. Pazi aliapa kwenye kaburi la baba kwamba hatakata tena hata fito.

Siku nne kabla ya sherehe, kamati yetu ikakuta tanuri linafuka moshi ndani ya msitu, jirani na chemchemi inayonywesha kijiji kizima. Mininga mitatu mikubwa iko chini. Nililia, sio siri. Ile miti nimekua naiona.

Mume wangu Mikdad ndiye kiongozi wa walinzi wa msitu, ila siku hiyo hakupanda. Alisema ana homa.

Wenzangu wakiwa kwenye visiki, nikapiga goti upande wa kibla, nikakwangua udongo.

Vidole vikagusa makumbi.

Nilisikia hasira mpaka masikio yakaziba. Yaani umeapa kwenye kaburi la baba, halafu unakuja kukata juu ya maji tunayokunywa? Alama ile sikumwambia mtu yeyote, hata mume wangu. Nikashuka moja kwa moja kwa mwenyekiti, Mzee Majaliwa.

"Shikamoo mzee. Tanuri ni la Pazi."

"Marahaba. Una hakika, binti yangu?"

"Naujua mkono wa kwetu."

Kwa kaka yangu sikwenda hata kuuliza. Anakaa na wanawe nyumba ya tatu kutoka kwangu. Nyumba ya tatu, jamani.

Turudi kwenye sherehe.

Viongozi walikuwa wamesema tanuri lisiguswe, mgeni rasmi alivunje mbele ya watu wote. Kwa hiyo baada ya zawadi tukapanda mlimani, kipaza sauti kimebebwa, ngoma inalia. Pazi naye akapandishwa na pingu zake, eti watu wajifunze.

Mgeni rasmi akainua jembe.

"Subiri, mheshimiwa."

Alikuwa Mikdad. Akazunguka nyuma ya tanuri. Hakutafuta, wala hakupapasa... Alichuchumaa upande wa kibla, akakwangua mara mbili, akavuta makumbi. Moshi ukatoka kwa nguvu.

"Sasa piga. Liko salama."

Watu wakampigia makofi. Mama mmoja pembeni yangu akasema huyu kijana anaijua kazi yake.



Mimi hapo nikakumbuka. Nilipokuwa na mimba ya mtoto wetu wa kwanza, nakanda chapati, Mikdad ananiuliza habari za baba. Nikakusanya unga pale kwenye sinia kama tanuri, nikamwonyesha baba alivyokuwa anafanya. Kidole changu mwenyewe ndicho kilichotoboa ule unga, nikimwambia, "Kibla ingekuwa huku, tundu linakaa hapa."

Nikamtazama Pazi. Alikuwa ameona kila kitu. Akanitazama, akatikisa kichwa mara moja, polepole.

Kipaza sauti kilikuwa hatua tatu kutoka kwangu. Hatua tatu tu... Lakini mgeni rasmi alishaanza kuhutubia, nikajiambia ngoja amalize. Alipomaliza, ngoma zikaanza. Zilipotulia, gari lilishaondoka na kaka yangu.

Nyumbani nilimkuta Mikdad anavua buti.

"Ulijuaje pa kuzibua?"

Akaendelea na buti la pili.

"Mikdad, kaka yangu yuko ndani."

"Si amekiri mwenyewe? Nimemlazimisha?"

"Nitasema."

"Sema. Halafu watoto uwaambie baba yao yuko wapi. Na haya mabati unayolala chini yake, ulidhani yanatoka kwenye posho ya ulinzi?"

Nikanyamaza siku tisa. Siku tisa nampikia, namfulia, namtengea maji ya kuoga. Nilikuwa naogopa njaa, naogopa aibu, naogopa kuitwa mke wa mwizi baada ya kuwa dada wa mwizi.

Siku ya kumi nikaamka hayupo. Nguo zake hazipo, simu haipatikani.

Ndipo nikaenda polisi kusema. Mnajua nilichoambiwa? Mshtakiwa alikiri mahakamani, hukumu imeshatoka. Miaka mitatu. Nikashauriwa nitafute mtu wa rufaa.

Nilikwenda kumwona gerezani. Alikuwa amekonda, kichwa kimenyolewa.

"Kaka, kwa nini ulisema ni lako?"

"Lile tanuri nililiona kabla yenu. Nilikuwa napita kuangalia mizinga yangu ya nyuki. Nikakwangua upande wa kibla."

Nikainua uso nikamtazama.

"Mimi sikulijenga," akasema. "Basi nikajua ni la nyumbani kwako. Wewe au mumeo, sikutaka kujua. Waliponikamata nikasema moyoni, wanao bado wadogo, acha niende mimi."

"Mbona hukuja kuniuliza?"

"Niliogopa utajibu ndiyo."

Nikaanza kulia. Akaningoja mpaka nikanyamaza, kisha akasema bila hasira yoyote:

"Sote wawili tulikwangua sehemu moja, Hajra. Mimi nikarudishia udongo. Wewe ukaenda kwa mwenyekiti."

Sijalala vizuri tangu siku hiyo.

Rufaa tumekata, tunasubiri. Mikdad hajulikani alipo. Ukatibu nimeachia. Jiko la gesi bado liko ndani ya boksi lake, siwezi kuliwasha. Napikia kuni nje, moshi unaniumiza macho, na naona nastahili.

Kuna watakaosema nimejuta kuulinda mlima. Hapana. Aliyekata ile miti alistahili pingu. Ila nilitakiwa kwanza niende nyumba ya tatu, nigonge, nikae kwenye mkeka wa kaka yangu, nimuulize huku namtazama machoni. Wewe unayesoma, kama kuna ndugu unamshuku, nenda kamuulize leo. Na ukigundua ulikosea, usingoje hotuba iishe.

Mama anakaa na watoto wa Pazi sasa. Kila asubuhi nikienda chemchemini napita mlangoni kwake. Leo nimemkuta ameshika ungo.

"Shikamoo mama."

Akaendelea kupepeta mchele.

Nikasimama pale na ndoo yangu mpaka akamaliza, akaingia ndani.