Jino Lililokaribishwa

Kila mtu alilisifia jino jipya la dada wa mapokezi, isipokuwa mumewe, aliyesema kila akimbusu anahisi kama amebusu kitasa.

Lilikuwa jino la kupandikiza: skrubu ya chuma ndani ya taya, na jino la bandia juu yake. Daktari aliahidi kwamba mfupa utalipokea. Neno hilo lilimfurahisha dada. Kupokea ndiyo kazi yake, kukaa nyuma ya meza katika ofisi ya bima na kupokea watu, hata walionuna.

Adhuhuri moja, ukumbi mtupu, akasikia sauti nyembamba: "Hodi."

"Karibu," akajibu bila kuinua kichwa. "Karibu ndani, jisikie nyumbani."

Mlangoni hapakuwa na mtu. Lakini jino lile la baridi likapata joto.

Ndipo fizi ikavimba. Daktari akasema ni vijidudu, akaosha usaha, akaandika dawa. Dawa zikaisha, harufu ikabaki.

"Wifi," akasema dada wa mumewe, asiyejua kuzungusha maneno, "mdomo wako unanuka kama nyumba iliyohamwa."

"Haijahamwa," akanong'ona. "Kuna mtu. Alipiga hodi, nikamkaribisha."

"Bila kumwona?"

"Kazini nani anaangalia?"

"Basi mwambie atoke."

Akafungua mdomo aseme "toka", ikatoka "karibu". Akajaribu tena, polepole, akiushika ulimi kwa vidole, ikatoka "karibu" tamu zaidi, kwa sauti isiyo yake, na tangu hapo kila neno alilolifikia alikuta limeshasemwa, mumewe akiuliza anajibiwa kabla yeye hajafikiri, wateja wakicheka kwa mizaha asiyoijua, huku yeye nyuma ya meno yake mwenyewe akisubiri zamu, na maneno yaliyobaki yake yakizidi kupungua, mpaka akawa na kichwa tu cha kutikisa.

Wifi akamburuta kwa daktari. "Ling'oe."

"Mfupa umelipokea vizuri mno," daktari akasema akiitazama picha ya eksirei, kama mtu asiyependa anachokiona.

"Nimesema ling'oe."

Daktari akamchoma sindano ya ganzi, akaanza kufungua skrubu. Mdomo uliokufa ganzi, midomo imelegea, ukasema: "Nimekaribishwa."

Daktari akasema ni hewa. Amesoma sana, mtu huyo.

Wifi akainama mpaka karibu na fizi. "Aliyekukaribisha ni mwajiriwa tu," akasema kwa sauti ya chini. "Mimi ni wa ukoo. Toka."

Skrubu ikatoka. Harufu ikaondoka nayo.

Kidonda kikafunga, fizi ikawa laini, daktari akajisifu. Dada akarudi kazini na pengo lake, akisema maneno yake mwenyewe moja moja, kama anayeonja chumvi. Mchana huo ulimi wake, kama ulimi wa yeyote mwenye pengo, ukaenda kukagua kovu. Ukapita taratibu juu ya fizi, ukaenda, ukarudi. Na chini ya ngozi ile nyembamba kitu laini, chenye joto, kikaufuata: ukienda, kinakwenda, ukisimama, kinasimama.