Mzigo wa Kungwi

Sanduku la kura lilikuwa limetoweka. Mahali lilipolala usiku kucha pamebaki alama ya mraba kwenye vumbi la sakafu.

Inspekta Revelian alichuchumaa akaitazama. Darasa lile la shule ya Temeke lilikuwa na milango miwili. Wa mbele ulikuwa na kufuli na lakiri ya serikali, vyote vizima. Wa nyuma, unaotokea uani, ulikuwa umefungwa, na kitasa chake hakikuwa na mkwaruzo hata mmoja.

"Aliyeingia alikuwa na ufunguo," alisema.

"Aliyeingia ni vijana wa chama," alijibu mkuu wake, Mwingereza mwenye Kiswahili cha kuamrisha. "Watatu nimeshawatia ndani. Jana waligombana na askari hapa hapa. Sanduku lisipofika mjini kabla ya saa kumi, kura za Temeke zinafutwa na hao wanafungwa. Basi."

Akapanda gari lake akaondoka. Kazi ya upelelezi aliiona imekwisha.

Ulikuwa uchaguzi mkuu wa kwanza wa nchi, na jana ilikuwa zamu ya jimbo lao. Uchaguzi wenyewe ulikuwa wa ajabu kidogo: kila mpiga kura alitakiwa kuchagua watu watatu, Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Asipotimiza watatu, kura yake imeharibika. Hata hivyo watu walikuja wamevaa nguo za Idi, wakasimama juani bila kunung'unika. Revelian aliwaona. Kusikia kwamba jasho lao litafutwa kulimchoma moyo, ingawa polisi hakutakiwa kuwa na moyo katika mambo hayo.

Alimwita Albano, askari aliyekuwa zamu.

"Ulilala?"

"Haki ya Mungu sikulala, afande."

"Uliondoka?"

"Hata hatua moja."

"Basi ulitazama pengine."

"Asubuhi hii, afande, kidogo tu. Walipita wanawake na ngoma, wanamtoa mwali wa nyumba ile ya jirani. Wakakatiza uani. Wakaniambia, geuka baba, tunamfunga mwali kanga vizuri. Mimi mtu wa bara, lakini adabu ninayo. Nikageukia barabarani."

"Walibeba nini?"

"Mwali alibebwa mgongoni na mmoja wao, kafunikwa gubigubi. Na kungwi wake alikuwa na sanduku la nguo za mwali kichwani, limefunikwa kanga mpya."

"Uliliona sanduku?"

"Niliona kanga, afande. Lakini si ndivyo ilivyo? Mwali na sanduku lake."

Revelian, mzaliwa wa Bukoba, hakujua ndivyo ilivyo au sivyo. Alivuka uwanja akaenda kuuliza.

Nyumba ya Bi Mwanakombo ilikuwa kimya. Ngoma zimelazwa ukutani, na pilau ya sherehe inapoa bila mlaji. Mwenyewe alikaa barazani, macho mekundu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kumchukua na huyu wa kike?"

Hapo ndipo Revelian alipong'amua kwamba Bakari, mmoja wa wale vijana watatu, alikuwa mwana wa nyumba hii. Alivua kofia.

"Nimekuja kuuliza jambo la wanawake, uniwie radhi. Mwali hutoka na sanduku la nguo?"

"Sanduku! Sanduku ni la bibi harusi. Zuena wangu katoka na kanga zake mwilini."

"Na kile alichobeba kungwi kichwani?"

Bi Mwanakombo alisita. "Vitu vyake vya ukungwi. Sijui. Kungwi haulizwi anachobeba."

Sasa Revelian alielewa. Mwanamume aliyeuona mzigo ule alidhani ni nguo za mwali. Wanawake walidhani ni mambo ya kungwi. Sanduku la serikali lilipita mchana kweupe, kwa vigelegele, na hakuna aliyethubutu kuuliza.

"Kungwi ni nani?"

"Bi Mwajabu, anayefagia hapo shuleni. Yumo ndani na mwali."

"Naomba atoke. Mimi humo siingii."

Bi Mwajabu alitoka taratibu, mama wa makamo, mabega mapana.

"Ufunguo wa mlango wa nyuma wa shule unao wewe?"

"Ninao. Nitafagiaje bila ufunguo?"

"Leo ulifungua?"

"Leo nina mwali, sina shule."

"Kichwani ulibeba nini?"

"Mambo ya wanawake, baba. Usiyachimbe, utajivunjia heshima."

Jibu hilo lingemtimua mwanamume yeyote mwenye haya, na Revelian alihisi masikio yakimwaka. Angeweza kuita askari wapekue chumba. Lakini kabla hajafungua kinywa, Bi Mwanakombo alikuwa amesimama.

"Mwajabu," alisema polepole. "Binti yangu nilikukabidhi kwa mkono wangu. Huyu wa kiume nilikukabidhi lini?"

Bi Mwajabu alimtazama shoga yake. Akageuka, akaingia ndani, akarudi na sanduku la bati, kanga imeliangukia upande mmoja. Lakiri ilikuwa nzima.

"Ni mwanangu Marijani," alisema, akakaa chini sakafuni. "Karani wa serikali. Jana kachagua mmoja tu, yule anayemtaka. Wale wengine mkono ulikataa. Jioni wenzake wakamwambia, nyuma ya kila karatasi pana namba. Wazungu wataisoma, watamjua aliyewakataa, kazi imekwisha. Hakula. Alilia kama mtoto, baba. Nimemsomesha kwa ufagio. Wenzangu walipomzunguka mwali na kanga zao, nikapenya mlangoni nikalichukua. Nilitaka niitoe hiyo moja tu, zingine nizirudishe. Nikashindwa kulifungua."

"Na walipomkamata Bakari?" aliuliza Revelian.

"Nilisema watamwachia."

"Ulisema," alirudia Bi Mwanakombo, akaingia ndani kwa bintiye.

Sanduku lilifika mjini saa tisa na nusu. Revelian alilisindikiza mwenyewe, akasimama pale kura zikihesabiwa, kisha akarudi kituoni, alikopelekwa Bi Mwajabu.

Bakari alikuwa ndiyo kwanza anafunguliwa. Alipopita kwenye benchi alipokaa Bi Mwajabu alisimama, akainamisha kichwa. "Shikamoo, mama," alisema, maana ndivyo alivyolelewa. Mama yule alifungua kinywa kuitikia, marahaba ikakataa kutoka. Bakari alingoja kidogo, akaenda zake.

"Baba," Bi Mwajabu alimwambia Revelian, "ile ya mwanangu wameisoma namba?"

"Hawakuigeuza, mama. Zilizoharibika wanazihesabu, wanazifunga, basi. Tena zilikuwa nyingi, lundo zima. Alama moja moja."

"Nyingi?"

"Nyingi."

"Kumbe hakuwa peke yake," alisema, ndipo alipoangua kilio.

Revelian alimwacha alie mpaka akatulia. Kisha akamwita Albano alete pingu.