Magadi Kwenye Mlenda wa Antipasi

Ukitaka kumjua Antipasi, mpe kitu kilichoharibika. Redio, pampu ya baiskeli, saa ya ukutani, hata mwavuli. Atakifungua, atakichungulia, atauliza maswali mpaka uchoke, na mwisho atakitengeneza. Wakati mwingine skrubu mbili hubaki mezani, naye hudai hazikuwa na kazi.

Pale Iguguno, mkoani Singida, anaendesha mashine ya kukamua alizeti. Watu huleta magunia yao na kuondoka na mafuta, pamoja na mashudu ya kulishia mifugo. Lakini tangu mwaka juzi, siku tatu kwa wiki mashine hiyo huendeshwa na mkewe, Emiliana. Figo za Antipasi zimeshindwa kazi. Presha ilikuwa imeziharibu taratibu kwa miaka mingi, naye hakuwahi kupima.

Kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa anakwenda Singida mjini kusafishwa damu. Hulala kitandani saa nne. Damu yake hupita kwenye mashine, husafishwa, kisha hurudishwa mwilini. Siku ya kwanza aliuliza maswali mengi mpaka muuguzi Janeth akamwonya.

"Kaka, ukijaribu kuifungua hii mashine, nakufukuza."

Sasa kulikuwa na tumaini. Selina, dada yake Antipasi, alikuwa amejitolea kumpa figo yake moja. Hospitali kubwa ya Dodoma iliwapangia tarehe ya uchunguzi, wiki sita mbele.

"Tukifika tu, nitafanyiwa upasuaji?" Antipasi alimuuliza Janeth Jumatatu moja.

"Bado," Janeth alisema. "Kwanza wanawachunguza. Wanataka kujua kama mwili wako utahimili upasuaji. Wanataka kujua pia kama Selina ataishi salama na figo moja. Lakini kaka, mimi nina wasiwasi. Panda tena kwenye mzani."

Antipasi alipanda. Janeth akatikisa kichwa.

"Kilo nne zimeongezeka tangu Ijumaa. Hizo si nyama, ni maji. Presha nayo iko juu. Ikiendelea hivi, Dodoma wanaweza kuahirisha kila kitu."

"Maji nakunywa kipimo ulichonipa. Chupa nimeipiga alama!"

"Na chumvi?"

"Nyumbani kwangu hakuna hata punje."

"Basi kuna kitu hatukijui," Janeth alisema. "Kitafute."

Njia nzima Antipasi alikuwa akifikiri. Mashine haivuji bila sababu. Maji yanatoka wapi? Kiu hii kali inatoka wapi? Alipofika nyumbani alikuwa amepata jibu, na jibu lenyewe lilikuwa baya. Alimkuta Emiliana anapakua chakula.

"Wewe unanitilia chumvi kwa siri," alisema.

Emiliana aliweka mwiko chini. "Mimi?"

"Nani mwingine anapika? Unanionea huruma, unatia kidogo. Unaniua, Emiliana!"

Emiliana alifunika sufuria, akatoka nje. Kwa miezi mingi yeye na watoto walikuwa wamekula chakula kisicho na chumvi ili baba yao asitamani. Maneno hayo yalimchoma. Alilala bila kula, na asubuhi alikwenda kumwita mama Elizabeti, jirani yao, muuguzi mstaafu.

Mama Elizabeti alifika jioni, wakati wa kupika.

"Shikamoo mama," Antipasi alisema kwa aibu.

"Marahaba. Nimesikia mnapigana vita ya chumvi. Haya, Emiliana, pika kama unavyopika siku zote. Usiruke hata hatua moja. Na wewe fundi, kaa hapo utazame."

Antipasi akavuta kigoda. Emiliana alisonga ugali wa mtama. Kisha akachemsha maji, akatia unga wa mlenda, ile mboga ya kuteleza, akakoroga. Akafungua kopo dogo, akachota unga mweupe kwa kijiko.

"Simama hapo," mama Elizabeti alisema. "Hiyo nini?"

"Magadi tu, mama. Mlenda bila magadi utavutika vipi?"

"Unatia kiasi gani?"

"Zamani nilikuwa natia kidogo tu. Siku hizi kijiko kizima, wakati mwingine viwili."

"Kwa nini umeongeza?"

Emiliana alimtazama mumewe. Antipasi alikohoa.

"Mimi ndiye niliyemwambia," alisema. "Chumvi ilipoondoka, chakula kilipooza. Nikasema, basi ongeza magadi."

Mama Elizabeti alicheka kwa huzuni. "Sasa sikiliza. Ndani ya chumvi kuna kitu kinaitwa sodiamu. Hiyo ndiyo inayokupa kiu. Hiyo ndiyo inayoshika maji mwilini na kupandisha presha. Na magadi yamejaa sodiamu."

"Lakini magadi hayana ladha ya chumvi!" Antipasi alichovya kidole, akalamba, akakunja uso. "Si unaona?"

"Ulimi wako haupimi sodiamu, mwanangu. Uliifukuza mlango wa mbele ukaikaribisha mlango wa nyuma."

Basi maswali yakaanza. Antipasi alisahau hata aibu yake.

"Na ile soda ya kuumulia maandazi?"

"Nayo ina sodiamu."

"Na vile viungo vya supu vya pakiti?"

"Hivyo vina chumvi tele."

"Na dukani niliona chumvi ya wagonjwa wa presha. Hiyo je?"

"Hiyo usiiguse! Nyingi zina potasiamu. Figo zako haziwezi kuitoa, na ikizidi inaweza kuusimamisha moyo. Kabla ya kula kitu kipya, muulize Janeth au mtaalamu wa lishe."

Antipasi alimgeukia mkewe.

"Emiliana, nimekukosea. Nilikusingizia, kumbe mwenye makosa ni mimi. Nisamehe."

"Nimekusamehe," Emiliana alisema. "Lakini leo mlenda utakula usiovutika."

"Nitaula."

Mama Elizabeti hakuwa amemaliza. "Kuna kingine unachotuficha?"

Antipasi alisitasita. Kisha akapanua kinywa na kuonesha gego lililotoboka. "Sikutaka daktari alione. Nilidhani nikisema, Dodoma watanirudisha nyumbani."

"Usipolisema ndipo hatari inapokuja. Mtu akipandikizwa figo hunywa dawa kila siku, ili mwili usiikatae. Dawa hizo hupunguza kinga. Vijidudu vya kwenye jino vitapata nafasi ya kukushambulia. Nenda ukatibiwe sasa, na umwambie Janeth. Dawa zote unazotumia ziandike, hata ile mizizi ya kienyeji ambayo Emiliana kaniambia ulipewa na shemeji yako wa Mgori. Magonjwa ya zamani pia. Usiache kitu."

"Na Selina ajiandae vipi?"

"Atapimwa kama wewe. Damu, mkojo, moyo, picha za figo. Halafu watazungumza naye peke yake. Watamuuliza kama anatoa kwa hiari. Akisema hapana, hata siku ya mwisho, asilaumiwe na mtu."

Antipasi alichukua daftari, akaanza kuandika. Kufika tarehe ya safari alikuwa na maswali thelathini na saba.

Mambo yalibadilika. Kopo la magadi liliondoka jikoni. Mtaalamu wa lishe aliwapangia kiasi cha mlenda, akamwonesha Emiliana namna ya kutia ladha kwa vitunguu na limau kidogo. Gego liling'olewa, na mizizi ya Mgori ikaachwa. Wiki ya tatu Antipasi alipanda mzani. Zilikuwa zimeongezeka kilo mbili tu! Presha ilikuwa imeshuka. Janeth alipiga makofi mpaka wagonjwa wengine wakageuka.

Wakaenda Dodoma, Antipasi, Emiliana na Selina. Walipimwa siku kadhaa. Selina alizungumza na daktari peke yake, mlango umefungwa. Kisha wakarudi Iguguno kusubiri, na kusubiri huko kulikuwa kugumu kuliko vipimo vyenyewe.

Walipoitwa tena, daktari aliwakalisha wote watatu.

"Jopo la madaktari limekaa," alisema. "Antipasi, mwili wako uko tayari. Selina, figo yako inamfaa kaka yako, na afya yako ni nzuri. Tunaweza kupanga tarehe. Kuna mwenye swali?"

Antipasi alifungua daftari lake. Fundi wa maswali hakuwa na swali hata moja.

Selina ndiye aliyenyoosha mkono.

"Daktari, mtachukua ya kushoto au ya kulia?"

"Picha zinaonesha ya kushoto ndiyo rahisi zaidi."

Selina aliweka kiganja ubavuni kushoto, akapapasa mahali hapo polepole. Kisha akamgeukia kaka yake.

"Umesikia? Ya kushoto. Uitunze."

Antipasi akafunika uso kwa daftari, akalia.